Jiwe la Limi na Mgeni Rasmi

Katika nchi ambayo sitaitaja jina, si kwa woga bali kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ilifungwa kwa chakula cha mchana mwaka juzi na bado wanakula, kuna sheria moja tu ambayo kila mtu anaitii. Haijaandikwa popote. Inasema kwamba kitu chochote ambacho hakijazinduliwa na mgeni rasmi, hakipo.

Namshukuru Mungu kwa kunijalia nizaliwe katika nchi yenye utaratibu kiasi hiki. Kisima cha mtaa wetu kilichimbwa, kikatoa maji, na kwa miezi saba tulipita kando yake na ndoo zetu kwenda mtoni kuchota pamoja na ng'ombe, kwa sababu kisima kilikuwa kimefungwa utepe. Choo cha soko kilikamilika kabla ya masika, kikamsubiri mgeni rasmi hadi vuli. Muda wote huo soko zima lilijisaidia nyuma ya choo, kwa adabu, bila kugusa mlango. Siku ya uzinduzi Mkuu wa Wilaya alikata utepe, akaingia, akafunga mlango, na bendi ya shule ikapiga mpaka alipotoka. Tukashangilia. Mimi nilipiga makofi nikiwa upande wa nyuma, nimesimama juu ya miezi yote ile ya kusubiri, na nilikuwa nimevaa ndala.

Nayaeleza haya ili msomaji asinihukumu haraka kwa kosa nililolifanya baadaye.

*

Mimi ni fundi baiskeli. Nilijua kusoma nikiwa na miaka hamsini na moja, katika masomo ya jioni yanayofanyika kwenye ghala la zamani la pamba. Mwalimu wetu ni Sifuni, mwanamke mpole anayeanza kila somo kwa sala na kulimaliza kwa sala, kwa sababu anasema katikati ni kazi yetu. Mungu alinijalia mwandiko mzuri. Darasa liliponichagua kuwa katibu, sikukataa hata kwa unafiki.

Siku Bibi Nyamizi alipokuja darasani, Mwalimu alimwuliza anataka kujifunza nini. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Alikaa dawati la mbele, akakunja kitenge chake magotini.

"Nataka jina moja tu," akasema. "Ukinipa hilo, mengine wape hawa vijana."

Vijana waliokaa nyuma yake tulikuwa mimi na mzee mmoja wa miaka sitini aliyekuwa amesinzia.

"Jina la nani, Bibi?"

"Limi."

Mwalimu akaliandika ubaoni. "Ni herufi nne."

"Nne tu?" Bibi akauliza, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Halafu akafikiri. "Aliishi miaka minne. Basi zinamtosha."

Limi alikuwa binti yake. Walikuwa wakiishi kwenye chemchemi ya Isengama, watu na wanyama, kila mmoja akichota kwa saa zake. Miaka arobaini na mitatu iliyopita Serikali iligundua kwamba wanyama wa Isengama walikuwa wakikosa faragha. Malori yalifika asubuhi, na kufikia adhuhuri kijiji kilikuwa kimekuwa hifadhi ya taifa. Limi alikuwa amezikwa miezi miwili kabla, kando ya kichuguu, chini ya rundo dogo la mawe. Bibi aliruhusiwa kuondoka na sufuria, mkeka na kuku mmoja. Kuku alipewa nafasi ya mbele, kwa dereva.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Isengama. Alichotaka sasa, kabla hajafa, ni kuweka juu ya lile rundo jiwe lenye jina, ili mtu yeyote akipita ajue kwamba pale kuna mtoto na si kokoto. Aliliokota jiwe bapa mtoni, nikamwazima nyundo na msumari mnene, akachonga kiangazi kizima, huku darasani akijifunza na zile herufi nyingine alizotuachia vijana. Alipomaliza herufi ya nne alilileta darasani limefungwa kwenye kitenge, na Mwalimu akatoa machozi.

"Jina likiwa kwenye jiwe hivi," Bibi akauliza, "anayesoma ataelewa nini?"

"Ataelewa kwamba mwenye jina amelala hapo."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani, Bibi. Jina na tarehe kwenye jiwe, maana yake ni hiyo."

Bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kabatini.

Jioni hiyohiyo darasa likaamua: tutakwenda hifadhini, wote ishirini na wanane, kwa basi moja. Tutaona wanyama wa nchi yetu, ambao, isipokuwa Bibi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona, na tutamsindikiza Bibi kwa Limi.

*

Ofisi ya hifadhi iko mjini, mbali na wanyama ili wasiisumbue. Tulikwenda Mwalimu, Bibi na mimi. Afisa wa Kuingiza Wageni, Bwana Masunzu, alikuwa akila mayai ya kuchemsha juu ya meza. Alikuwa akipangusia vidole vyake kwenye fomu, kisha fomu hiyohiyo akampa mtu.

"Shikamoo, Bibi. Nyie ni kina nani?"

"Ni wanafunzi wa masomo ya jioni," nikasema.

"Sijauliza mnasoma nini. Nauliza kwenye fomu nyie ni kina nani."

Fomu, kando ya kiini cha yai, ilikuwa na visanduku vinne: Mgeni wa Nje, Mgeni Rasmi, Mnyama, Jangili.

"Sisi ni raia," nikasema.

"Kisanduku cha raia unakiona?"

"Sikioni."

"Basi umejijibu mwenyewe. Na raia anataka kuona nini huko? Simba yuko kwenye noti. Tembo yuko kwenye noti. Toeni noti mwangalie, mwende nyumbani."

"Mwanangu," Bibi akasema, "noti zenyewe sisi tunaziona kama wewe unavyomwona simba. Kwa mbali, halafu zinakimbia."

Mwalimu alicheka kidogo. Bwana Masunzu hakucheka. Ndipo Bibi akamweleza habari ya Limi, kwa maneno machache, mikono yake ikiwa juu ya kitenge. Afisa alisikiliza akimenya yai. Alipomaliza kusikiliza alifungua kijitabu cha kanuni.

"Kanuni ya nne," akasoma. "Kila aingiaye hifadhini ataondoka na takataka zake zote. Wewe uliondoka mwaka ule wa malori, siyo? Na ulichoacha hukukichukua. Kwa kweli, Bibi, hapa una kosa la miaka arobaini na mitatu. Mimi kwa ubinadamu wangu nalifumbia macho."

"Umemwita mwanangu nini?" Bibi akauliza.

"Si mimi, Bibi. Ni kanuni." Akauma yai.

Nilimwomba Mungu anishike mikono, naye akanishika. Hadi leo sijui kama nimshukuru.

Bwana Masunzu aliona nyuso zetu, akaingiwa na huruma ya kiofisi. "Njia ipo lakini. Akiwepo mgeni rasmi, geti linafunguka. Geti halimwulizi mgeni rasmi amekuja na nani. Mwandikieni Mheshimiwa Waziri barua nzuri, aje awazindulie safari yenu."

Bibi na Mwalimu wakageuka, wakanitazama mimi.

Hilo ndilo kosa langu. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini mama anahitaji waziri ili afike kwenye kaburi la mwanawe. Mimi niliwaza mwandiko. Niliandika barua ile mara tatu, kwa wino wa bluu, nikaweka "kwa heshima na taadhima" mara mbili, na neno "taadhima" nililizungushia mkia mrefu wa kupendeza. Nilipoitia kwenye bahasha nilijiona nimefika mahali.

*

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Kalugendo Mpagaze, Waziri wa Wanyama, Vivutio na Shangwe, amekubali. Zaidi ya hapo, katika ukarimu wake, ataunganisha safari yetu na shughuli nyingine ndogo: kuweka jiwe la msingi la hoteli ya kitalii palepale kwenye chemchemi ya Isengama. Hoteli inataka maji, kama kijiji kilivyoyataka.

Wiki iliyofuata akaja Afisa Itifaki, Bi. Delfina, na futi ya kupimia. Alipima ghala letu, akapima basi, akampima Mwalimu kwa macho.

"Viti vingapi?"

"Ishirini na wanane, na sisi tuko ishirini na wanane," nikasema kwa furaha. "Tumetosha kabisa."

"Mlikuwa mmetosha." Akafungua daftari. "Msafara wa Mheshimiwa. Anayebeba hotuba. Anayebeba miwani ya kusomea hotuba. Anayeanza kupiga makofi. Huyo ni mtu muhimu sana, bila yeye watu hawajui hotuba imefika wapi. Mpiga picha, na anayemwambia mpiga picha apige. Kikundi cha ngoma, kumi na wawili. Wapishi sita."

"Mheshimiwa hana magari?" Mwalimu akauliza.

"Anayo manane. Yanatangulia yenyewe, matupu, kwa heshima."

Akaendelea hadi vikabaki viti viwili. Kimoja changu, maana lazima katibu asome risala. Kingine cha Mwalimu.

"Na Bibi?" nikauliza.

Bi. Delfina alimwangalia Bibi Nyamizi kwa muda, akiinamisha kichwa upande huu na upande ule. "Kwa kweli namhitaji mzee mmoja wa kike wa kushika trei ya mkasi. Mwenye mikunjo. Kwenye picha inapendeza."

"Mikunjo ninayo," Bibi akasema.

Mwalimu alimpa Bibi kiti chake papo hapo. Wenzetu ishirini na sita walikuwa wamekwisha kufua nguo za safari. Walisimama ukutani, na mzee yule wa miaka sitini, aliyekuwa macho kwa mara ya kwanza, alisema tu, "Mtatusimulia."

Halafu Bi. Delfina akaomba kuiona risala yangu. Alitoa kalamu nyekundu.

"'Kaburi.' Hili neno halipendezi kwenye shughuli. Weka 'fursa'."

"Lakini ni kaburi, Bi. Mkubwa."

"Kila kitu ni fursa, Bwana Katibu, inategemea unasimama wapi. Na hapa, 'walihamishwa kwa nguvu'. Weka 'walishirikishwa'."

Risala ikawa inasema kwamba mwenzetu mmoja, aliyeshirikishwa kwa malori, anaomba kuitembelea fursa ya mwanawe. Niliinakili upya kwa mwandiko wangu mzuri.

*

Tulifika getini saa mbili asubuhi. Mheshimiwa alifika saa nane mchana. Katika saa hizo sita tulimwona mnyama mmoja tu, nyani, aliyekuja kuiba ndizi za wapishi na kufukuzwa kwa kutokuwa na mwaliko.

Geti lilizinduliwa, ingawa lilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Bibi alishika trei. Utepe ulikatwa. Yule mtu wa makofi akaanza, sisi tukafuata. Basi likaingia, na Bibi Nyamizi akaegemeza uso dirishani. Jiwe lilikuwa magotini kwake ndani ya kitenge, Bi. Delfina alikuwa ameliruhusu kama sehemu ya mapambo.

Tulipofika Isengama alisema neno moja: "Maji." Chemchemi ilikuwa bado inatoka.

Wapishi walikuwa wametangulia kwa geti la nyuma wakati sisi tukisubiri. Hema lilikuwa limesimama, viti vimevalishwa vitambaa na riboni kama mabibi harusi, zulia jekundu limetandikwa hadi kwenye matope. Pembeni sufuria tano za pilau zilikuwa zinachemka. Bibi alishuka, akatazama upande wa kichuguu, akatembea hatua chache, akasimama.

"Palikuwa na marundo saba ya mawe," akaniambia polepole. "Mama mkwe wangu. Shemeji zangu wawili. Watoto wanne. Wewe unaona mangapi?"

Niliona moja, limebomoka nusu. Nikafuata macho yake. Mafiga. Sufuria tano za pilau zilikuwa zimekaa juu ya mawe kumi na matano, na mawe hayo wapishi hawakuwa wamekuja nayo kutoka mjini.

"Na la Limi?" nikauliza, nikiomba Mungu.

"Liko chini ya sufuria ile yenye mfuniko mwekundu."

Pilau ile iligawiwa baadaye. Mheshimiwa alipewa sahani ya kwanza, akala hadi mafuta yakamtiririka kwenye kiwiko, na mifupa ya kuku aliirusha nyuma bila kuangalia. Kila mfupa uliporushwa, mtu wa miwani aliinama kwa heshima ili upite. Mimi niliwekewa sahani pia. Niliibeba hadi nyuma ya basi nikaimwaga, na huko nikakuta yule mtu wa makofi akirudi kutoka kwenye kichuguu, anafunga zipu.

"Kazi ngumu hii, mzee," akaniambia. "Toka asubuhi sijapata nafasi."

Nikamtazama Bibi. Alikuwa amemwona.

Kisha hotuba. Nitaweka kipande tu, kwa kuwa naogopa kuchafua karatasi.

"Ndugu wananchi! Eneo hili ni bikira! Tangu Mwenyezi Mungu aumbe ulimwengu, hakuna binadamu aliyewahi kulala hapa! Hakuna moto uliowahi kuwashwa hapa! Wageni wetu watakuwa wa kwanza!"

Makofi yakaanzishwa. Bibi Nyamizi, aliyezaliwa hatua thelathini kutoka pale, alikuwa amesimama kando yake na trei. Kwenye picha anaonekana vizuri, mikunjo yote.

*

Ndipo ikagundulika kwamba jiwe la msingi halipo. Lilikuwa la marumaru, liliagizwa ng'ambo, na lilikuwa limekwama bandarini kwa sababu kontena lake halijazinduliwa. Bi. Delfina aligeuka rangi. Mheshimiwa alikuwa katika ukurasa wa mwisho wa hotuba. Macho ya Bi. Delfina yalizunguka hema zima, yakatua miguuni kwa Bibi, kwenye kifurushi cha kitenge.

"Hiki ni nini, Mama?"

"Jiwe."

"Jiwe la nani?"

"La mwanangu."

"Leo ni la taifa. Mwanao ni sehemu ya taifa, siyo?"

"Mbona juzi ofisini alikuwa takataka?"

"Mama, nina dakika kumi." Akamwita fundi wa rangi aje aandike jina la Mheshimiwa. Bibi alikuwa ameweka mguu wake juu ya kitenge. Akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, mimi ndiye niliyemwalika mtu huyu, na risala ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema. Nikafumba macho, nikasali. Nilisali kwa bidii sana, na katikati ya sala nilijua kwamba nasali ili nisiseme. Mungu anisamehe, maana hiyo si sala; ni kujificha ndani ya nyumba yake.

Nilipofumbua macho, Bibi alikuwa ameondoa mguu.

"Haya, lichukueni," alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Lakini upande huu una mikwaruzo, utaharibu sura. Uwekeni chini. Andikeni upande huu laini."

"Ahsante, Mama. Una moyo wa kizalendo."

"Mtaliweka wapi?"

"Mbele ya hema, pale."

"Pale jua litamchoma Mheshimiwa usoni, atatoka kwenye picha amekunja uso kama anakunywa dawa." Bibi akaelekeza kwa trei. "Pelekeni kule mbele ya kichuguu, ilipo ile sufuria ya mfuniko mwekundu. Kuna kivuli. Halafu kichuguu kikiwa nyuma yake, tumbo lake litaonekana dogo."

Bi. Delfina alitazama kichuguu. Alimtazama Mheshimiwa. Alitazama kichuguu tena.

"Mama, uliwahi kufanya kazi itifaki?"

"Nimelea watoto."

Wapishi waliamriwa waondoe sufuria yenye mfuniko mwekundu na majivu yake. Shimo likachimbwa, saruji ikamwagwa, zulia likahamishwa. Mheshimiwa akalishika jiwe kwa ncha za vidole, akaliweka, akatabasamu mara nne kwa ajili ya picha. Rangi nyeupe ilikuwa bado mbichi.

"Na sasa," akatangaza Bi. Delfina, "kama ushahidi wa mafanikio ya elimu ya watu wazima, mwanafunzi wetu huyu atatusomea!"

Bibi Nyamizi akanipa trei, akapiga magoti mbele ya jiwe. Alisoma kama tunavyosoma darasani, kidole kikipita chini ya kila silabi.

"M-he-shi-mi-wa. Ba-lo-zi. Da-kta-ri. M-ha-ndi-si. Ka-lu-ge-ndo. M-pa-ga-ze." Akapumzika. Kisha akasoma tarehe ya uzinduzi, siku, mwezi na mwaka. Halafu akainuka, akaweka mkono kifuani.

"Jina na tarehe," akasema. "Tumwombee."

Katika nchi yetu hakuna shughuli inayokataa sala. Kofia zikavuliwa. Askari wakainamisha bunduki. Mheshimiwa akafumba macho, akaunganisha mikono juu ya tumbo.

"Ee Mungu," Bibi akasema, "mkumbuke mtumishi wako huyu ambaye jina lake limeandikwa juu ya jiwe hili. Alikula, alisema, amemaliza. Msamehe alichokula mahali hapa. Msamehe alichosema mahali hapa. Na yule aliye chini, asisikie uzito wake. Wapumzike."

"Amina!" Mheshimiwa akasema, kwa sauti kubwa kuliko wote, akifuta jicho. Yule mtu wa makofi, kwa mazoea, akaanza kupiga, na umati wote ukapiga, na ngoma zikalia. Hivyo ndivyo Waziri wetu alivyosomewa sala ya maziko yake, akapokea pongezi.

Risala yangu haikusomwa. Muda ulikuwa umekwisha.

*

Ndani ya basi nilikaa kando ya Bibi. Kitenge kilikuwa kitupu magotini kwake.

"Nisamehe, Bibi. Nilinyamaza."

"Ulinyamaza, ndiyo." Hakuniambia si kitu. Tulipopita getini akasema, "Katibu, jina la Limi limeangalia wapi?"

"Chini."

"Na Limi yuko wapi?"

Nikaelekeza kidole chini.

"Sisi wa juu tusome upande wetu," akasema. "Yeye asome wake." Akakikunja kitenge, akalala.

Hoteli haikujengwa. Waliotaka kujenga waliondoka na ramani. Lakini jiwe lililowekwa na mgeni rasmi ni mali ya Serikali, na kulisogeza ni uhaini. Kuna uzio wa chuma pale sasa, na bango, na askari wawili wenye bunduki wanaopeana zamu. Anayekwenda haja karibu na kichuguu anakamatwa. Mawe ya makaburi mengine sita bado yametawanyika, meusi kwa masizi, na hayo hakuna anayeyalinda.

Mwezi uliopita Bibi alitaka kwenda kumwona mwanawe. Tulirudi ofisini, safari hii darasa zima, kwa miguu. Bwana Masunzu alikuwa kwenye yai la pili. Akatusukumia fomu ileile: Mgeni wa Nje, Mgeni Rasmi, Mnyama, Jangili.

Bibi Nyamizi alitoa rula ya darasani kwenye mfuko wake. Chini ya visanduku vinne akachora cha tano, taratibu, pembe zote nne zikakutana. Mbele yake akaandika, herufi kubwa, bila kumwuliza mtu: MWENYEJI. Akatia tiki.

Bwana Masunzu aliigeuza fomu huku na huku. Nadhani hakuwa amewahi kuliona neno hilo kwenye karatasi ya ofisi.

"Kisanduku hiki hakijazinduliwa," akasema mwishowe. "Tafuteni mgeni rasmi. Andikeni barua."

Watu wote wakageuka, wakanitazama. Kalamu ya bluu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaitia mfukoni, nikafunga kifungo cha mfuko.

Bibi hakungoja. Alikuwa amekwisha kulivuta rundo zima la fomu kutoka mezani, yai likadondoka sakafuni, naye akaanza kuchora kisanduku cha tano kwenye fomu ya pili, kisha ya tatu.

"Katibu," akasema bila kuinua kichwa, "una mwandiko mzuri. Usikae nao tu. Mimi nachora, wewe andika."

Nikafungua kifungo.